Sare ya Shingo

Thobias, fundi cherehani wa Gungu, alikuwa na kichwa kinachouma upande mmoja tu, na hilo lilimkera kuliko maumivu yenyewe. Kingeuma chote angesema ni malaria, angekwenda kupima, yangeisha. Hiki kilianzia kisogoni, kushoto, kikapanda nyuma ya sikio, kikaja kupiga kambi nyuma ya jicho. Kilifika kila siku mchana, kama shemeji anayejua saa ya chakula.

Mtu akiumwa Gungu, hakosi waganga. Kila anayepita ana dawa, na kila dawa imemponya jirani yake fulani ambaye kahamia mbali. Dada yake Thobias, Agnesi, alisema ni baridi imemwingia mishipani, akamkanda shingo kwa mawese ya moto mpaka akang'aa. Thobias alirudi kazini hajapona, akaacha alama za vidole vya rangi ya chungwa kwenye joho jeupe la mwanakwaya. Muuza miwani alimuuzia miwani. Kichwa kiliendelea kuuma, tofauti ni kwamba sasa aliona vizuri sura za watu wanaomcheka.

Kisha akaja Bariki, dereva wa bodaboda na rafiki yake wa siku nyingi, ambaye alikuwa ameangalia video za watu wakinyooshwa shingo mpaka zikalia ko. Bariki alisema si kazi ngumu. Alimkalisha Thobias kwenye ndoo, akamshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akamwambia afikirie jambo zuri, akazungusha. Shingo ililia ko kama kwenye video. Tatizo ni kwamba haikurudi ilikotoka. Siku kadhaa Thobias alitembea akitazama mbinguni, akawafahamu kunguru wote wa mtaa, na wazee waliokutana naye njiani wakadhani ameokoka.

Bariki roho ilimsuta. Alimpakia kwenye pikipiki bila nauli, akamshusha kwenye kliniki ndogo ya mazoezi ya viungo barabara ya kwenda mjini.

Mtaalamu wa hapo aliitwa Evaline, mtumishi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Njombe, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu aliyekulia kwenye kulima viazi. Kabla hajamgusa mgonjwa alimgeukia Bariki, akamweleza kwamba shingo ya binadamu si kifuniko cha chupa, na kwamba akisikia amezungusha nyingine atamripoti. Bariki akakumbuka ana abiria anamsubiri mahali.

Thobias alilazwa kitandani. Evaline alipapasa kisogo chake taratibu, pingili moja baada ya nyingine, akafika mahali fulani kushoto, akabonyeza. Maumivu yakaruka moja kwa moja mpaka nyuma ya jicho, yaleyale, ya saa ileile ya chakula. Thobias alishika ukingo wa kitanda.

"Kichwa chako ni kizima," Evaline akasema. "Kinachoumwa ni shingo. Kichwa kinapokea malalamiko tu."

Akamfanyia kazi bila ko wala kelele. Alikishika kichwa chake kwa viganja viwili, akakivuta polepole, akakilaza huku, akakilaza kule, kwa upole ambao Thobias hakuwa ameupata tangu mama yake alipomwachisha ziwa. Alipoinuka, dunia ilikuwa nyepesi. Alitaka kulia kwa furaha, akajikaza.

Ndipo Evaline alipouliza kuhusu kazi yake. Thobias akaeleza kwamba anashonea barazani, uso umeelekea duka la jirani. Evaline akamtazama shingo tena. Fundi cherehani angeumia kwa kuinama, akasema, lakini shingo hii imechoka kwa kugeuka.

"Upande wako wa kushoto kuna nini?"

"Barabara," Thobias akasema.

"Na barabarani kuna nini?"

"Pikipiki."

Mwongo mkubwa. Kushoto kwa Thobias kulikuwa na Scola.

Scola alikuwa akikaanga migebuka chini ya turubai, hatua chache kutoka barazani kwake. Tangu alipoweka jiko pale, Thobias hakuwa ameshona mshono mmoja bila kugeuza shingo. Alimpenda mwanamke yule mpaka akawa hajui aanzie wapi. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa na watoto shuleni, na bado akimwona Scola akigeuza samaki mate yalimkauka. Siku Scola alipomletea kitenge amshonee gauni, Thobias alikuwa ameandaa maneno ya wiki nzima, na yote yaliyomtoka yalikuwa: "Mkono mrefu au mfupi?" Scola alisema mfupi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo alipona, akarudi barazani, akageuka kushoto, akaugua. Alikwenda kwa Evaline mara ya pili, akarudi, akageuka, akaugua. Mara ya tatu Evaline alipandisha sauti. Alimwambia akiendelea hivi itafika siku atashindwa kuinamia cherehani, na fundi asiyeweza kuinama atafute kazi ya kutazama kunguru. Dawa ni rahisi: aigeuze cherehani ielekee hukohuko anakotazama.

Thobias alisema mwanga hautakuwa mzuri. Ukweli ni kwamba alipata jasho kwa kufikiria tu. Mtu anayechungulia kwa pembeni anaweza kusema anaangalia pikipiki. Mtu aliyegeuza cherehani yake akaketi uso kwa uso na mwanamke kutwa nzima atasema anaangalia nini? Na Scola akikasirika, akahamisha jiko lake, je? Thobias alikuwa radhi kichwa kipasuke kuliko kushoto kwake kubaki patupu.

Evaline, asiyejua haya, alifungua kabati akatoa kola ya shingo, ya sponji nyeupe. Akamwambia aivae akiwa kazini tu, kwa siku chache, na mazoezi asiyaache. Kola haiponyi, itamkumbusha tu asigeuke. Akishapona airudishe, maana wagonjwa ni wengi na kola ni hiyohiyo.

Kola ilimletea balaa. Kila mpita njia alimpa pole ya ajali, wengine wakauliza basi gani lilianguka. Isitoshe, ilikuwa imeshonwa vibaya, nyuzi zinaning'inia, na Thobias hakuweza kuvaa kitu chenye upindo wa hovyo namna ile. Akaamua kuivisha kitambaa. Kwenye mtoto wa meza ya cherehani alikuwa ameficha kipande kimoja cha kitenge, cha bluu chenye ndege wa njano, masalio ya gauni la Scola. Hakikuwa cha kazi yoyote, alikiweka tu. Gauni lenyewe lilikuwa limevaliwa mara moja kwenye kipaimara, likafungiwa sandukuni. Thobias akajiambia ni kitambaa kama kitambaa kingine. Akakishona juu ya kola kwa mkono wa kupendeza, akaivaa, akajiona amependeza, akaketi.

Mtu huyuhuyu ndiye aliyeishonea nusu ya Gungu sare za harusi na sare za misiba. Anajua kuliko yeyote kwamba kwetu watu hawavai kitenge kimoja bure. Lakini mapenzi yana namna yake ya kumfanya mtu mzima awe bwege.

Jumamosi hiyo Scola alitoka nyumbani amevaa gauni la bluu lenye ndege wa njano, kwa sababu baba yake, Mzee Jeremia, alikuwa anakuja kutoka Ilagala kumtembelea.

Thobias hakumwona, kwa kuwa hakuweza kugeuka. Aliona tu kwamba wateja wa samaki wanapita mbele ya baraza lake wakitabasamu, wanatazama shingo yake, wanatazama kushoto, wanapigana viwiko. Mama mmoja alimwambia hongera. Thobias akamshukuru, akidhani anasifiwa upindo. Bariki alisimamisha pikipiki, akaangalia huku, akaangalia kule, akamuuliza kwa uchungu kwa nini amemficha jambo kubwa namna hii, kisha akaondoka bila kusubiri jibu.

Mzee Jeremia alifika na kapu la dagaa wakavu, mtu mrefu, mkavu kama dagaa wake. Alimwona binti yake kwenye gauni. Akamwona mwanamume jirani, kitenge kilekile shingoni. Akaweka kapu chini, akasimama mbele ya baraza, akasubiri kuamkiwa kama mkwe anavyopaswa kuamkiwa.

Waha, wenyeji wa Kigoma, hawasalimii kwa haraka. Mdogo huinama, kichwa chini, akapiga makofi polepole, na salamu zikaanzia "mwakeye" zikazunguka nyumba nzima. Thobias aliinuka upesi. Kichwa kikakataa kushuka. Basi aliinama kwa kiuno, amenyooka kama ubao, kidevu kimeinuliwa na kola, macho yakimtazama mzee kutoka chini, akaanza kupiga makofi. Mzee hakuwa na haraka. Aliuliza habari za nyumbani, za wazazi, za shamba, za mvua, na za ng'ombe ambao Thobias hakuwa nao. Kiuno kilianza kutetemeka. Watu waliokuja kununua samaki walisahau samaki.

Mwishowe mzee alimaliza maswali, akamtazama binti, akamtazama fundi.

"Mmevaa sare," akasema. "Amekufa nani, au anaoa nani?"

Hapo ndipo Thobias alipogeuka, mwili mzima na kola yake, akaliona gauni. Scola alikuwa amesimama na mwiko mkononi, midomo ameibana, na haikujulikana ni hasira au ni nini. Thobias aliona jiko likibebwa, turubai likikunjwa, kushoto kwake kukiwa patupu maisha yake yote.

Alianza kwa kujitetea. Alisema ni ugonjwa, baba, si sare, ni shingo inayoleta maumivu ya kichwa, hata mtaalamu alithibitisha. Mzee Jeremia akauliza kijana mwenye afya ameiumizaje shingo. Thobias akasema kwa kugeuka. Mzee akauliza kugeukia nini. Palikuwa na barabara, palikuwa na pikipiki mbili zimesimama kabisa, angeweza kuzionyesha. Lakini alikuwa amechoka kuumwa, na alikuwa ameinama muda mrefu mno.

"Kushoto kwangu kuna Scola," akasema. "Namwangalia tangu alipoweka jiko hapa. Mtaalamu aliniuliza nikamwambia ni pikipiki. Nampenda, baba, na shingo ndiyo imejua peke yake."

Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye karai, na samaki walianza kunuka kuungua. Mzee Jeremia akatikisa kichwa chake kilichokuwa huru kutikisika. Alisema hajapata kuona mtu akiposa kwa shingo. Mdomo anao, umefanya kazi gani muda wote huo?

"Umeuliza mkono mrefu au mfupi," Scola akajibu badala yake.

Akaepua karai. Akaliinua jiko kwa vitambaa viwili, akalipeleka mbele ya baraza, akalitua mkabala na cherehani. Akarudi kuchukua benchi. Akarudi kuchukua turubai. Hakumwomba mtu msaada na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza aliketi, akamtazama Thobias usoni, karibu kabisa.

"Sasa angalia mbele," akasema. "Na ongea. Kila siku nilikuwa nakukaangia mmoja wa ziada, nikingoja uje uombe. Wote nimekula mwenyewe."

Thobias alifungua mdomo. Mara ya kwanza hakikutoka kitu, mara ya pili kikatoka, na kilipoanza kutoka hakikukoma mpaka jioni, hata Mzee Jeremia akasinzia kwenye kiti cha wateja.

Wiki iliyofuata alikwenda kliniki kurudisha kola. Evaline alimbonyeza kisogo, akapata pamelegea vizuri, akauliza kama kichwa kinauma. Hakiumi, Thobias akasema. Na macho mekundu je? Akasema ni moshi wa jiko, siku hizi anakaa karibu nalo. Evaline akamwuliza kama anataka dawa ya macho, akasema hataki.

Kisha akaitoa kola kwenye mfuko, nyeupe kama alivyopewa, nyuzi zimekatwa zote. Evaline akasikitika. Bariki alikuwa amemsimulia habari za kitenge, naye alitaka kukiona, akauliza kwa nini amekitoa.

"Si mimi," Thobias akasema. "Scola amekifumua mwenyewe. Amesema mgonjwa anayefuata asije akavaa sare na yeye."