Gauni la Mishono ya Nje

Mtaani kwake fundi alisifika kwa jambo moja: hakuna mwili uliowahi kumshinda. Mtu aingie dukani bega moja limelala, au kitambi kimetangulia na mwenyewe anafuata nyuma, atatoka amenyooka hata mama mkwe wake akose la kusema. Na fundi hakumwambia mtu kasoro yake. Alipima, akanyamaza, akaandika daftarini alama anazozielewa mwenyewe, kisha pamba na bitana vikamaliza kazi. Kuna bwana harusi mmoja aliivaa suti yake miaka kumi bila kujua kwamba bega lake la kushoto liko chini. Fundi alijivunia hilo kuliko cheti cha ukutani.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akizunguka ofisi miaka miwili, akitafuta mtu wa kumtazama binti yake sawasawa na kusema anachokiona.

Binti alikuwa na miaka sita, na kila mtu alimwita Bibi Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikubanduka shingoni mwake. Alijua unene wa kiwiko cha kila mteja. Angeweza kumwambia mzee wa watu kwamba shingo yake imeongezeka nusu inchi tangu mwezi uliopita, na angekuwa amesema kweli, jambo ambalo wazee hawalipendi. Lakini pia lebo ndogo ya nguo ingemliza mpaka atapike. Mkibadilisha njia ya kurudi nyumbani, angekaa chini katikati ya barabara. Ukimuuliza hali, angekupa kipimo cha mlango.

Mwalimu wa chekechea ndiye aliyetamka kwanza neno usonji, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Shule ya msingi nayo haikuwa na ubaya: ilisema itampokea na kumpa mwalimu msaidizi wa kukaa naye darasani, mradi iletwe barua ya tathmini kabla shule hazijafunguliwa. Bila barua angeingia darasa la watoto hamsini na mwalimu mmoja. Fundi alikuwa akiitafuta barua hiyo, basi, hakutaka kingine.

Akapigwa danadana mpaka akachoka. Kliniki ya kwanza ilimpeleka kwa daktari wa masikio, na daktari wa masikio akasema mtoto huyu anasikia hata yasiyosemwa bado. Dirisha la pili lilitaka fomu yenye muhuri wa shule. Shule ikasema haimpigii muhuri mtoto asiyeandikishwa. Waandikishaji wakauliza, barua ya tathmini iko wapi? Fundi aliuzunguka mduara huo mara tatu, na mara ya tatu mlinzi wa getini akamsalimia kama ndugu, akamuuliza kupunguza suruali kiunoni kunachukua siku ngapi.

Alipowapata wataalamu wenyewe ndipo moyo ulipomuuma zaidi. Wa kwanza alimtazama mtoto dakika kumi, akasema ni mtulivu, hongera. Wa pili alichukua dakika kumi na mbili, kwa kuwa Bibi Futi alimpimia meza na yeye akafurahi. Mzazi mwingine angeshukuru. Fundi alitoka nje akaipiga teke ngazi, na ngazi haikudhurika.

Alirudi nyumbani akichechemea. Mkewe, mwoka mikate aliyemaliza zamu saa sita mchana, alicheka habari ya ngazi mpaka akajishika mbavu. Kisha kicheko kikamtoka usoni.

"Hivi wao wanamwona mtoto gani?" aliuliza. "Maana huyu wetu hawajamwona."

Fundi aliinama, akakanda kidole cha mguu.

Miadi ya tatu ilipatikana baada ya miezi minne, wiki tatu tu kabla ya shule kufunguliwa. Safari hii fundi alijiandaa kuzidi zile mbili, kama anayeoza binti. Alichora kijitabu cha picha kumi na moja: mlango, ngazi, benchi, dada wa mapokezi, na kadhalika, ili Bibi Futi ajue nini kinafuata nini. Jana yake alimpeleka mpaka kwenye jengo wakahesabu ngazi, zikawa thelathini na nne. Alimshonea gauni jipya ambalo mishono yote ilikuwa nje, ndani laini kama shuka, lebo hakuna, na juu ya mishono akapitisha utepe wa manjano hivi kwamba mtu angedhani ni pambo. Alimtengenezea kofia yenye pamba kwenye masikio, akaitarizi maua. Akabeba kikombe cha bluu cha mtoto. Asubuhi wakapita njia ya mbali, kwa sababu ile ya karibu ina karakana ya wachomelea vyuma.

Walifika wakiwa salama, mtoto anaimba puani. Kwenye benchi la kusubiri fundi alipewa fomu ya kurasa mbili. Je, mtoto husumbuliwa na nguo? Hapana. Je, hushtushwa na kelele? Hapana. Je, mabadiliko ya ratiba humtaabisha? Hapana. Aliandika kwa mwandiko mzuri, na kila alichoandika alikiamini, maana kweli asubuhi hiyo hakuna kilichomsumbua.

Mtaalamu wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kwa kamba, vidole vina rangi za penseli za watoto. Alisoma fomu. Akamtazama mtoto, akaisoma tena. Kisha akainama, akamwomba Bibi Futi ruhusa, akashika pindo la gauni.

"Hili gauni mishono yake iko nje," alisema. "Nani kashona?"

Fundi akavimba kifua. Miaka miwili ya kuzunguka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza habari ya mishono. Alimweleza utepe, akamweleza lebo, kofia, kijitabu, njia ya mbali, kikombe. Alieleza jinsi mkewe anavyokata mkate vipande vinne sawasawa, maana cha tano kinaharibu siku nzima. Mtaalamu aliandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika. Fundi aliponyamaza ili avute pumzi, mama yule akaweka kalamu chini.

"Fundi, fomu hii umejibu kwa niaba ya gauni. Mtoto mwenyewe hujamsema."

Joto lilimpanda fundi kuanzia shingoni. Miaka miwili amewakasirikia watu wa ofisi kwamba hawaoni, na kila asubuhi ya miadi ni yeye aliyekuwa akitia pamba na bitana mpaka pasionekane kitu. Hakuna aliyewadanganya ila yeye, tena kwa kazi safi. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo hiyo alitaka kucheka. Alijitetea kidogo, kwamba fundi hatangazi miili ya watu. Mtaalamu akakubali kwamba dukani ni hivyo hasa. Kisha akampa fomu nyingine, akamwomba aijaze kana kwamba leo mtoto kavishwa na jirani. Na kabla ya hapo akae pale kwenye kona, mikono aikalie.

Basi fundi akakalia mikono yake, na mtaalamu akaanza kucheza na mtoto. Walipanga vitufe, wakalisha mdoli. Kofia ilikuwa imeshavuliwa kwa sababu ya joto. Robo saa haijaisha, huko koridoni mtu akaangusha sinia la chuma, likazunguka sakafuni likilia kwa muda mrefu. Bibi Futi alikuwa chini ya meza kabla halijatulia, amejikunja, amejiziba masikio, anaunguruma.

Fundi akanyanyuka. Mtaalamu akainua kidole kimoja bila kugeuka, na fundi akakaa. Kisha mama yule akavua viatu, akalala chali sakafuni na nguo zake za ofisini, karibu na meza. Hakumgusa mtoto wala hakumwita.

Fundi alitazama. Katika miaka sita, ukimtoa yeye na mkewe, hakuna mtu aliyewahi kushuka mpaka huko chini. Wengine walimvuta mtoto mkono, wengine walimbembeleza kwa pipi, wengine walimtazama baba mtu. Machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta, kwa kuwa alikuwa amekalia mikono.

Zilipita dakika tano, labda sita. Ncha ya futi ikachomoza chini ya meza. Halafu Bibi Futi akatoka, akampima mtaalamu kuanzia utosini kuelekea visiginoni. Futi iliishia sitini, akaweka kidole, akaongeza.

"Inchi sitini na mbili," alisema. "Baba sitini na saba. Wewe mfupi."

"Tangu zamani," mtaalamu alijibu kutoka sakafuni.

Fundi aliijaza fomu pale pale juu ya goti. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo, tena sana. Mistari haikutosha, akaandika pembeni, akageuza karatasi akaandika na nyuma. Kila neno lilimuuma kulitoa, na likishatoka alijisikia mwepesi. Mtaalamu alisoma yote akiwa amesimama, akamwambia barua itachukua wiki moja.

"Lakini jibu nakupa leo. Ni usonji. Na huyo mwalimu msaidizi nitamwombea kwa maandishi."

Fundi alimwomba arudie, naye akarudia, taratibu, bila kuonyesha kuchoshwa.

Siku shule zilipofunguliwa, mwalimu msaidizi aliwapokea mlangoni pa darasa, binti wa miaka ishirini na kitu, sketi yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Barua alikuwa ameisoma. Aliuliza kama kuna lolote la kuongeza, au mtoto hana shida.

Jibu la siku zote lilimfikia fundi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Shida anazo, mwalimu. Kengele itamuumiza. Akiingia chini ya meza usimvute. Lala naye chini, atatoka mwenyewe."

Mwalimu aliitazama sketi yake, akaitazama sakafu, akauliza huwa ni muda gani. Fundi akasema siku nyingine dakika tano, siku nyingine ishirini.

"Basi kesho nitakuja na suruali," mwalimu alisema, akamnyooshea Bibi Futi mkono aupime.