Obedi na Unga wa Nafaka Kumi na Mbili

Evelina alikuwa amefika dagaa wa mia moja na arobaini mtoto alipogonga bati.

Hakuinua macho. Alimnyofoa dagaa kichwa, akambinya tumbo kwa ukucha mpaka uchafu mweusi ukatoka, akamweka kwenye ungo pamoja na wenzake. Kisha akanawa mikono, akaishika kamba iliyofungwa kwenye mguu wa kitanda na kuivuta taratibu, akiikunja kwenye kiwiko. Obedi akashuka kutoka kwenye kenchi za paa hadi usawa wa kifua cha mama yake. Alikuwa na utando wa buibui sikioni. Evelina akaufuta, akamnyonyesha akiwa amesimama, akamwachia apande tena.

Obedi alikuwa na miezi saba. Mtoto wa miezi saba hutakiwa kukaa. Obedi alikuwa hajakaa, na si kwamba mgongo wake ulikuwa mlegevu. Hakuwa amefika chini mwenyewe tangu alipoanza kula. Kuelea kwenyewe hakukumsumbua sana Evelina, maana pale mtaani Pasiansi hakuwa peke yake mwenye mtoto wa juu. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: amwone mwanawe ameketi kwenye mkeka kama mtu.

Mambo yalianza mwezi wa kwanza. Kliniki walimwambia mtoto ametimiza miezi sita, aanze chakula laini. Mwezi wa kwanza ndio mwezi wa sare za shule, na Evelina ni mshonaji. Cherehani yake ilikuwa inakula vitambaa toka asubuhi mpaka jioni. Hakuwa na nafasi ya kutwanga. Akanunua unga wa lishe wa Mzee Nestory, mwenye mashine ya kusaga na mzee wa kanisa, ambao uko kwenye kila duka la mtaa. Pakiti yake ni ya rangi ya waridi, ina picha ya mtoto mnene anayecheka, na chini yake imeandikwa: Nafaka kumi na mbili. Kilo moja. Humkuza mtoto.

Watu wa mtaani waliupenda kwa hiyo kumi na mbili. Jirani mwingine alikuwa na unga wa nafaka saba na haukupata wanunuzi. Kina mama waliweza kuzitaja nafaka hizo kwa vidole: mahindi, mchele, mtama, ulezi, ngano, uwele, na kuendelea mpaka ya kumi. Mbili za mwisho hakuna aliyezijua, na ndizo zilizoaminiwa kuliko zote.

Kijiko cha kwanza kilimwinua Obedi upana wa kidole kutoka kwenye mkeka. Mwisho wa wiki alikuwa juu ya meza. Wiki ya pili alifika kwenye bati, akatulia huko, akawa anacheza na misumari. Jasmin, mpangaji wa chumba cha pili, alikuja na kumshauri Evelina kama mtu mzoefu. Mapacha wake walikuwa juu tangu Krismasi. Alisema atumie kamba ya manila, maana katani inakwaruza, na siku ya kufua amtoe nje apate jua. Kweli, siku za kufua watoto wa mtaa walikuwa juu ya kamba za nguo, na wale korongo wa jalalani walikuwa wakisogea kidogo kuwapisha.

Shigela, baba Obedi, ni mchomeleaji wa vyuma kule Igoma. Yeye alilichukua jambo hilo kifundi. Alileta nati kubwa za lori kilo tisa, akamwomba mkewe azishonee fulana yenye mifuko. Obedi alipovishwa alifika chini, lakini alifika kifudifudi na hakuweza kuinua hata kidevu. Wakakubaliana kwamba fulana itakuwa ya siku za upepo na ya kliniki.

Kule kliniki, Nesi Akeyo alimtundika mtoto kwenye mizani bila fulana. Obedi akapanda, na ndoano ya mizani ikapanda naye, na mshale ukarudi nyuma ya sifuri ukasimama huko. Nesi aliangalia kadi. Mchoro wa kadi unaanzia kilo mbili kwenda juu. Akauliza kama mtoto hana nguo nyingine.

Evelina akamvisha fulana. Mshale ukaja mbele ukasimama kwenye saba na nusu, na Nesi Akeyo akaweka nukta katikati ya rangi ya kijani.

"Nesi, humo mna nati kilo tisa," Evelina alisema.

Nesi alifikiri kidogo. Ilionekana wazi kwamba alikuwa anatoa tisa kwenye saba na nusu.

"Kadi haina sehemu ya nati, mama," alisema, akaita anayefuata. Anayefuata alikuwa amemvisha mwanawe mnyororo wa pikipiki. Taarifa ya mwezi huo ilionyesha kwamba watoto wa kata ile wana uzito mzuri kupita kiasi.

Ndipo Paskazia, mama yake Shigela, akaja kutoka Sengerema. Alishuka kwenye kivuko na kinu kichwani, na mchi mkononi kama fimbo ya kutembelea. Evelina akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Evelina akaonyesha juu. Bibi akamtazama mtoto, mtoto akamtazama bibi. Paskazia aliuliza anakula nini. Aliposikia, aliomba pakiti mpya, akavuka nayo hadi dukani na kuiweka kwenye mizani ya sukari. Mshale ulisogea upana wa unywele. Akaifungua, akamwaga unga wote kwenye beseni, akaipima karatasi peke yake. Mshale ukasimama palepale. Unga wenyewe ulichelewa kufika kwenye beseni. Wanunuzi wawili walishahudumiwa na kuondoka kabla haujamaliza kutua. Mwenye duka alisema hajawahi kuipima kwa sababu kilo imeshaandikwa.

Paskazia akachovya kidole, akaonja.

"Pumba," alisema. "Pumba na picha."

Wakarudi nyumbani, akamweka Evelina kwenye kigoda na kumwambia jambo ambalo kliniki walishamwambia, ila kliniki hawakuja na kinu. Tumbo la mtoto si gulio, alisema, huwezi kuliletea kila kitu siku moja. Mpe kimoja akijue. Akishakijua, mwongezee cha pili.

Kabla ya kuanza, Evelina alitaka kumsikia Mzee Nestory mwenyewe. Alimchukua Obedi, kamba mkononi, wakateremka hadi mashineni. Mzee Nestory alimpokea vizuri, akamletea kiti, akamwomba afunge kamba mbali na mkanda wa mashine. Miguuni pake alikaa mjukuu wake, wa umri uleule wa Obedi. Alikuwa amekaa kama mfuko wa saruji, anapiga kopo chini.

Evelina alimtazama yule mtoto. Akauliza anakula nini.

"Ulezi na dagaa," Mzee Nestory alisema. "Bibi yake humtwangia."

"Na huu wa pakiti?"

"Huu ni wa kuuza, mama Obedi."

Evelina akamwonyesha mwanawe, aliyekuwa amefika kwenye dirisha la juu. Akamwonyesha na maandishi. Mzee Nestory alivaa miwani, akasoma pakiti yake mpaka mwisho kama mtu anayehakiki kazi ya mwingine.

"Nimeandika humkuza," alisema. "Sikuandika upande gani."

Hakusema kwa ubaya. Alimpa na pakiti mbili za kwenda nazo, na Evelina, ambaye amelelewa vizuri, akashukuru.

Kesho yake ndipo alipokaa na ungo wa dagaa.

Kazi yenyewe haina siri, ina muda tu. Dagaa hutolewa vichwa na matumbo ili wasiwe wachungu. Huoshwa, huanikwa, hukaangwa bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, kisha hutwangwa na kuchekechwa mara mbili, kwa sababu mwiba mdogo kwako ni mwiba mkubwa kwa mtoto. Ungo mzima hutoa kikombe kimoja cha unga. Siku tatu za kwanza Obedi alipewa uji wa ulezi peke yake. Siku ya nne ukaongezwa unga wa dagaa, nusu kijiko. Obedi aliutema kutoka juu, ukamwangukia baba yake utosini wakati akisoma ujumbe kwenye simu. Shigela alijifuta, akahamisha kiti. Siku ya sita mtoto akameza. Baadaye likaja boga, kikaja kiazi lishe kilichopondwa na maziwa ya mama, kila kimoja kwa zamu yake.

Familia nyingine huchora ukutani alama za mtoto anavyopanda. Evelina alichora kwa chaki alama za Obedi anavyoshuka. Alianza kumlisha akiwa amepanda stuli. Wiki mbili baadaye akawa anamlisha amesimama chini, kisha ameinama, kisha amepiga magoti. Sare za watu zilichelewa. Wateja wawili walihamia kwa fundi mwingine, na Evelina hakuwalaumu.

Habari za mizani ya dukani zilisambaa. Ofisi ya kata ikamtuma bwana mmoja mwenye faili, akahesabu watoto walioko juu, akapima unene wa kamba. Aliandika kwamba kamba nyingi ni fupi na mafundo yake si salama, na akaagiza zirekebishwe. Mzee Nestory alitii mwezi uleule. Sasa ndani ya kila pakiti ya waridi kuna kamba ya manila, mita nne, bure. Unga ukanunuliwa kuliko zamani.

Jasmin alikuja kumwonyesha Evelina ya kwake. Ilikuwa ya kijani na imara.

"Angalau sasa wanafikiria watoto," alisema.

Evelina akampa kopo la unga wa dagaa. Jasmin alilinusa, akashukuru, akalirudisha mezani polepole. Alisema anatoka na karai lake la maandazi kukiwa bado giza na kurudi jua likiwa limezama. "Kutwanga kunataka mtu anayeshinda nyumbani, mama Obedi." Mwezi wa kwanza Evelina mwenyewe alisema hivyohivyo. Jioni hiyo alinunua dagaa mara tatu ya kawaida, wa kutosha watoto watatu.

Kesho yake alikuwa amefika dagaa wa mia tatu na sita, na jua limeshuka upande wa ziwa, Obedi alipomaliza uji wake na kuteremka mwenyewe hadi kwenye mkeka. Mgongo ulinyooka, mikono magotini. Akatazama mlango kama mwenye nyumba. Shigela alikuwa anaingia kutoka kazini, akasimama na begi lake la vifaa begani.

"Amekaa," alisema.

Evelina akanawa mikono, akaichukua pakiti tupu ya waridi, akaikunjua, akapiga magoti. Akaipitisha chini ya makalio ya mtoto kutoka kushoto. Ikatokea kulia bila kugusa popote.

"Karatasi tu," Shigela alisema.

"Bado," Evelina alisema.

Alimfunga Obedi kamba, sasa fupi ya kiganja kimoja. Chumba cha pili zilisikika kamba za mapacha wa Jasmin zikijikaza, maana upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Kwenye ungo walibaki dagaa zaidi ya nusu wakiwa na vichwa vyao. Mwanga haukutosha tena kuona matumbo, na tumbo moja likisahaulika unga wote unakuwa mchungu. Akawafunika na kitambaa cha sare, akaweka mchi juu yake ili paka asifunue.