Bei ya Haki ya Gari Jekundu

1.

TAARIFA YA UKADIRIAJI

Chombo: gari la michezo la Kiitaliano, milango miwili, injini nyuma ya viti.
Rangi: nyekundu.
Umri: miaka kumi na sita.
Kilomita zilizosomwa: 31,400.
Muuzaji: Bi. Faustina Lauwo, mjane, Arusha.
Mnunuzi mtarajiwa: Bw. Zefania Mgonja, mchapaji mstaafu, Moshi.
Bei inayotakiwa: shilingi milioni mia moja arobaini na tano.
Bei ya haki: milioni mia moja kumi na nane.
Pendekezo: mnunuzi asubiri.

Imetiwa saini leo, tarehe 9 Machi,
E. Mbwambo, mkadiriaji.

2.

Asubiri.

Neno hilo nililiandika mimi. Nikalipigia mstari.

3.

Wewe unayesoma, ikiwa siku moja utanunua gari la namna hii kutoka mkononi mwa mtu, usianze na rangi. Rangi ni ya wapenzi, nawe umekuja kupima.

Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi. Zinataja wiki na mwaka wa kuzaliwa kwake. Tairi laweza kuwa na meno yote na bado likawa kikongwe.

Usidanganywe na kilomita chache. Gari lililolala muda mrefu hukauka mipira inayozuia mafuta, nayo hukauka kimya kimya.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Katika gari hili, kuubadilisha ni kuishusha injini nzima. Asiyekuwa na risiti hakuubadilisha.

Tafuta bei za magari matatu ya aina hiyo yaliyouzwa. Yaliyotangazwa yaache: bei ya tangazo ni matumaini ya mtu. Kisha toa gharama ya kila kitakachotengenezwa.

Kisha nyamaza. Atakayezungumza kwanza ndiye atakayepunguza.

Haya yote ni kweli. Sijafuta hata moja.

5.

(Kifungu cha nne cha fomu yangu, nilichokiruka hapa, kinahusu hali ya muuzaji: kwa nini anauza, ana haraka kiasi gani. Hakuna kifungu kinachohusu hali ya mnunuzi. Fomu niliitunga mwenyewe.)

6.

Gereji, Arusha, siku ya ukaguzi. Fundi Mndeme yuko chini ya gari. Inaonekana miguu yake tu.

— Mzee Mbwambo, hili gari unalikagua au unalifanyia usaili?

— Shikilia tochi.

— Maana hata mke wangu sikumkagua hivi. Ningemkagua hivi, mpaka leo ningekuwa kapera.

— Naye angekukagua wewe?

— Aa! Mimi ningepatikana na kutu mlango wa kwanza tu.

Zefania alicheka hadi akajishika kiuno. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, kiganja juu ya paa, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

— Kiranja, naomba nikae ndani kidogo.

— Bado. Sijamaliza.

Akaondoa mkono.

Ana umri wa miaka hamsini na tisa.

7.

Ni lazima nieleze jina hilo.

Katika Shule ya Wavulana Mwangaria nilikuwa kiranja wa bweni la tatu, na Zefania alilala kitanda cha kumi na moja. Kila Jumamosi nilikagua: shuka, kucha, kiatu, ndoo. Kitanda kilichotandikwa vibaya nilikivuruga chote, kikatandikwa upya mara tatu. Miaka arobaini na miwili imepita. Wenzetu siku hizi wanaitana Daktari, Mhandisi, Mheshimiwa. Zefania ananiita Kiranja, hata mbele ya wajukuu zake, na hadi leo hafanyi jambo kubwa bila kuniuliza.

Sijawahi kumkataza. Nilijivunia.

8.

KADI YA KLINIKI YA MACHO

Jina: Zefania Mgonja.
Tarehe: 2 Machi.
Ugonjwa: presha ya macho, pande zote mbili, umegunduliwa kwa kuchelewa.
Uwanja wa kuona: umebaki nusu, unafunga kutoka pembeni.
Kuendesha gari: mchana tu, kwa sasa.
Maelezo: Mgonjwa ameelezwa kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi.
Swali la mgonjwa: Je, nina miezi mitatu?
Jibu:

9.

Kadi hiyo wewe umeisoma. Mimi sikuiona hadi katikati ya Juni.

10.

(Penina, mke wa Zefania.)

Nilimwambia, baba Neema, mweleze rafiki yako. Akaniambia, Kiranja ataniona legelege. Mtu mzima, ana wajukuu wanne, anaogopa kuonekana legelege!

Aliuza mashine ya kuchapa. Sikumzuia. Miaka thelathini amechapa kadi za harusi za watu, majina ya watu kwa wino wa dhahabu, za kwetu hatukuchapa kwa sababu tulioana hatuna kitu. Nikasema mwache, achague kitu kimoja kisicho na faida. Anataka kuliendesha hadi Same na kurudi, basi. Alionyeshe kwao. Ajionyeshe mwenyewe, maana ndiye asiyekuwa na muda.

Nikamwambia, mpe yule mama hiyo mia na arobaini na tano, uende kesho. Pesa tunayo.

Akasema, Kiranja hajasema kwamba ni haki.

Mimi huyo Kiranja wake nilimpikia makande na mikono yangu hii. Akala, akaniambia chumvi imezidi kidogo.

11.

Wiki ya pili: Bi. Faustina, 145. Sisi, 118.
Wiki ya tano: Bi. Faustina, 138. Sisi, 118.
Wiki ya nane: Bi. Faustina hapokei simu.
Wiki ya tisa: amepokea.

— Mzee Mbwambo, marehemu alikuwa akiliosha kila Jumapili kwa mikono yake.

— Kuosha si matengenezo, mama.

— Hivi wewe baba una moyo au una mizani?

— Nina mizani.

— Basi poleni mnaoishi naye huko nyumbani! Nyie mnaosikia hapo pembeni, poleni!

Zefania alisikia. Alikuwa ameketi mbele yangu, kikombe mkononi.

— Kiranja, na tukimpa tu?

— Tukimpa tu, tutakuwa tumejifunza nini?

— Mimi nimekwisha kujifunza vya kutosha. Nataka kuendesha.

— Zefania.

— Sawa, Kiranja.

Akakiweka kikombe pembeni mwa meza, hewani, na chai ikamwagika sakafuni. Nikamkemea kwa uzembe. Akaomba radhi. Akapiga magoti, akapangusa mahali pasipomwagika kitu.

Niliona.

Mimi ninayeona unene wa rangi ya gari kwa ncha ya kidole, niliona, nikaandika moyoni: amezeeka.

12.

Swali ambalo utakuwa umeliuliza: kwa nini hakusema?

Mwangaria tulikuwa na desturi. Mvulana aliyekwenda zahanati kabla hajaanguka chini aliitwa Bibi Uji, kwa sababu wagonjwa walipewa uji wa maziwa. Aliitwa hivyo bwaloni, uwanjani, kanisani. Wapo walioitwa hivyo hadi kidato cha sita. Mmoja alihama shule. Kwa hiyo tulijifunza kuugua tukiwa wima. Tuliona ndiyo malezi, na hata sasa, tukikutana kwenye misiba ya wenzetu, tunaisifu: fulani alikuwa mwanamume, hakumwambia mtu hata siku moja. Tunatikisa vichwa. Tunamzika.

Mtunzi wa jina hilo, Bibi Uji, alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Alikuwa kiranja wa bweni la

13.

MKATABA WA MAUZIANO

Leo, tarehe 17 Juni, muuzaji amekubali kuuza na mnunuzi amekubali kununua gari lililotajwa kwa bei ya shilingi milioni mia moja kumi na nane tu, katika hali liliyo nayo, pande zote zikiwa zimeridhika.

14.

Mia moja kumi na nane. Kamili. Haikuongezwa hata senti.

Wiki kumi na nne.

Haki.

15.

Uani kwa Bi. Faustina, saa nne asubuhi, jua kali. Zefania aliletwa na mkewe, amemshika kiwiko. Nilidhani ni mapenzi.

Alipotakiwa kutia saini, kalamu iliandika juu ya meza, nje ya karatasi, jina lote, kwa mwandiko mzuri wa mchapaji. Bi. Faustina aliisogeza karatasi, akamwekea kidole chake pale panapohusika. Zefania akaandika tena.

Penina alifungua mkoba, akanipa kadi. Hakunitazama.

Nikasoma. Nikarudia kusoma, kama ninavyorudia vitabu vya matengenezo, nikitafuta ukurasa uliochanwa.

— Mbona hukuniambia?

— Ungeniita nani, Kiranja?

Alisema bila ukali, kwa tabasamu kabisa. Afadhali angenitukana.

— Unaona kiasi gani?

— Mchana naona kwamba ni mchana.

Bi. Faustina alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafunika mdomo kwa khanga. Baadaye akasema: — Baba, mngeniambia. Ningewapa hata kwa mia. Marehemu aliondoka ghafla, hakuliendesha hata mwezi ule wa mwisho. Mngeniambia tu.

Milioni mia moja. Hata bei yangu haikuwa

16.

Zefania alilifuata gari kwa mkono: taa, boneti, kioo, kitasa. Akaingia. Sijui funguo alipewa na nani, si mimi. Penina alisema, baba Neema, shuka, tafadhali, nami nikasema shuka, kwa sauti yangu ya Jumamosi. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na miwili, hakutii.

Injini iliwaka mara moja. Ni injini nzuri. Ngurumo ilijaa ua wote, kuku wakatawanyika, na geti lilikuwa wazi, na nje ya geti ni barabara ya watu.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya gari. Hatua mbili kati ya boneti na magoti yangu.

Alishusha kioo. Uso wake ulikuwa wa furaha tupu, umeelekezwa kulia kwangu kidogo, mahali ambapo sikuwapo.

— Kuna mtu hapo mbele?

Nilifungua kinywa nikasema: — Yupo, ni Kira