Violini Inamsubiri Nani?

Umewahi kulitazama vumbi linavyoinuka pale kifuniko cha piano kubwa kinapofunguliwa chini ya taa? Linapanda taratibu, punje kwa punje, kama lenye haya, na likifika kwenye mwanga linasimama, linajionyesha. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama magauni. Mwanamke aliyeketi kwenye piano alikuwa anatazama vumbi, maana hakutaka kumtazama mdogo wake.

Walikuwa ndugu wawili, tumbo moja, ziwa moja. Mkubwa anapiga piano, mdogo anapiga violini. Mama yao, aliyewafundisha wote wawili sebuleni kwake, aliwabatiza majina tangu wadogo: huyu Mikono, yule Shingo. "Mikono! Shingo! Njooni mle, chakula kinapoa!" Majina yakaganda. Mikono alikuwa na viganja kama sinia; gumba hapa, kidole cha mwisho kule, na katikati vibao vya piano vimelala kimya kama vifaranga chini ya bawa. Shingo yeye aliinamisha shingo tu, mbao ikakaa, ukadhani kazaliwa nayo.

Hawakuwa na mtu wa kuwahesabia waanze. Kuanza kwao kulikuwa pumzi. Shingo akivuta hewa puani, kiwiko kikipanda, Mikono anajua. Pumzi moja, watu wawili. Mikono hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakujua kazi nyingine. Alikuwa na pumzi hiyo. Ikihamia kwa mwingine, yeye abaki na nini?

Basi shaka ikaja mazoezini. Muziki wenyewe ulikuwa mpya, mtunzi wake yu hai, wino bado unanuka. Kuna mahali, katikati, piano inapiga fungu pana la sauti, zote kwa mpigo mmoja, na violini inatua juu yake papo hapo, kama ndege na tawi. Mikono akapiga. Violini haikutua. Ilisubiri. Kidogo tu, kitambo cha kumeza mate. Kisha ikatua.

"Umechelewa," Mikono akasema.

"Eh? Samahani, dada. Turudie."

Wakarudia. Ikasubiri tena.

Na hapo, wewe unayenisikiliza, Mikono akaacha kupiga. Kwa sababu violini haisubiri pale bure. Inasubiri iwapo mwenye piano ana mkono mdogo, mkono usiofika, mkono unaolazimika kulipanda fungu lile sauti moja moja, kama mtu apandaye ngazi na ndoo kichwani. Mikono hakuwahi kusubiriwa pale. Basi ni mkono wa nani? Mdomo huficha, mwili haujui kuficha. Shingo alikuwa anaupiga muziki huu na mtu mwingine.

Violini inamsubiri nani?

Akaanza kunusanusa. Jumanne Shingo hapatikani. "Nilikuwa kwa Mama, dada." Kwa Mama, kwa Mama, kila mara kwa Mama! Na Mama mwenyewe aliacha kupiga siku nyingi, viungo vya vidole vimevimba kama tangawizi. Mikono ndiye aliyeifunika ile piano ya sebuleni kwa kitambaa cheupe, akapanga vikombe vya wageni juu yake, akasema, "Pumzika sasa, Mama." Kwa hiyo kwa Mama kuna nini? Shingo hurudi ananukia dawa ya kuchua. Uongo mzuri, Mikono akawaza, hata harufu kautafutia.

Tena kulikuwa na binti mmoja wa chuo cha muziki, vidole kama sindano, kila tamasha yumo, kila tamasha anamkumbatia Shingo mpaka watu wanapiga kona kuwapita. Mikono alishamfungulia kesi binti wa watu, akaita mashahidi, akatoa hukumu, yote hayo kichwani, akiosha vyombo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Chake yeye kilikuwa kwenye pumzi.

Sasa taa zimewaka. Kiwiko kikapanda. Pumzi. Wakaanza.

Muziki wa siku hizi haukubembelezi. Violini ilikwaruza karibu na kidaraja kinachobeba nyuzi, kama ukucha kwenye sufuria. Mikono akasimama, akaingiza mkono tumboni mwa piano, akazidonoa nyuzi zenyewe, nazo zikaguna kama mtu aliyeamshwa. Nyuma kidogo mwanamume akamnong'oneza mkewe, "Bado wanakaza nyuzi?"

"Nyamaza, baba watoto. Tumeshafika katikati."

Mikono alisikia. Mwenye shaka ana masikio hata mgongoni. Akamtafuta binti wa chuo kwa pembe ya jicho: yule pale, kando ya nguzo, kategesha uso. Ngoja. Fungu linakuja. Fungu litakusema. Sauti zikapungua, zikawa nyembamba, zikawa uzi, uzi ukawa karibu na kimya, na kimya kikajaa ukumbi kama maji kwenye mtungi.

Violini inamsubiri nani?

Akapiga.

Violini ikasubiri. Mbele za watu wote, ikasubiri. Ukumbi haukushtuka, muziki mpya, nani ajue kosa liko wapi? Mtunzi mwenyewe, safu ya mbele, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa raha, kana kwamba hivyo ndivyo alivyoandika. Mikono akamkazia binti macho. Binti alikuwa anajikuna sikio.

Basi jicho, likiwa linarudi kwenye kazi yake, likapita safu ya pili. Pale alikuwa Mama. Mkoba mapajani, mkono wa kulia juu ya mkoba. Na vile vidole vilivyopinda vilikuwa vinapanda. Kimoja. Kingine. Kingine, kwa taabu, kwa subira. Na kidole cha mwisho kilipogusa ngozi ya mkoba, hapo hapo, bila kupungua wala kuzidi, violini ikatua.

Muziki uliobaki Mikono aliumaliza, hajui aliumalizaje. Makofi yakaja, akainama, akainuka, akainama.

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo: kioo kimoja chenye ufa, viti vya plastiki, koti la mtu limesahauliwa msumarini. Shingo alikuwa analegeza upinde wake, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Tangu lini?" Mikono akauliza.

"Tangu aliposhusha vikombe mwenyewe." Shingo hakuinua uso. "Akaniambia, usimwambie dada yako, ataniletea mto wa mgongo."

Mlango ukasukumwa, Mama akaingia, pumzi juu juu kwa ngazi alizopanda.

"Nimewaharibia?" akauliza. "Huyu kazoea kuningoja. Nikasema akifika jukwaani ataacha. Kumbe wapi!"

"Mama, vidole vyako. Daktari alisema..."

"Daktari! Kwani daktari anapiga nini yeye?" Mama akajitupa kwenye kiti, kiti kikalia. "Ulinifunika, mwanangu. Kwa kitambaa safi, kilichopigwa pasi. Nikanyamaza, maana ulifanya kwa mapenzi. Mdogo wako hakunifunika wala hakunifunua. Aliningoja tu, mpaka nikafika."

Mikono alikuwa na samahani mdomoni, tayari, imevaa viatu. Lakini shaka ikitoka ghafla huacha mlango wazi, na anayetoka nyuma yake si yule uliyempanga atoke. Akaitazama mikono yake, mikubwa, mizima, iliyofika kila mahali kwa wakati tangu utotoni. Mikono ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza kama imechoka.

Shingo akaweka upinde chini. "Dada, nitarekebisha. Sitachelewa tena pale, naapa."

"Usirekebishe."

"Sasa unataka nini?"

Mikono akafungua mdomo. Maneno yakapanda moja moja.

"Nami nilitaka kusubiriwa," akasema.