Beseni la Maji Kwenye Kiti cha Nyuma

Tangu Jumapili Kiguu hakutulia. Hilo peke yake halikuwa geni, maana jina lenyewe alilipata utotoni kwa kuwa kiguu na njia, mtu wa kunywa chai amesimama na kuaga kabla hajaketi. Lakini wiki ile hata mkewe, aliyemzoea, alimwambia kwamba anamtia kizunguzungu. Aliingia jikoni akasahau alichofuata, akatoka, akalizunguka gari, akaligonga tairi kwa ncha ya kiatu kama anayeamsha mnyama, halafu akarudi tena jikoni.

Sababu ilikuwa simu. Mama Mkubwa, dada wa mama yake, aliyeishi ng'ambo ya vilima, alipiga Jumapili asubuhi. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kupofuka, na la pili daktari alisema halina miezi, lina wiki. Hakulia. Alimwambia mdogo wake maneno machache tu.

"Njoo nikutazame, mdogo wangu. Sitaki kubaki na sura yako ya zamani."

Mama alijibu kwamba atakuja. Kisha akamrudishia Kiguu simu, akaenda kukaa barazani, na tangu hapo hakulitaja tena jambo hilo.

Ng'ambo ya vilima hakukuwa na basi. Njia ilikuwa ya mawe na makorongo, njia ya gari refu lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na gari la namna hiyo Kiguu alikuwa nalo. Alikuwa fundi wa pampu za visima, na kazi yake ilimpeleka kwenye mashamba ambako hata pikipiki hugeuza. Shida ni kwamba Mama alikuwa amekataa kulipanda. Mwaka uliopita, wakitoka huko huko kwa dada yake, gari lililala upande kwenye kona ya mtoni, likainuka ghafla, na Mama akagonga kichwa kwenye kioo cha mlango. Alibaki na kovu jembamba juu ya unyusi. Siku ile aliteremka, akatembea kwa miguu mpaka barabara iliponyooka. Tangu hapo gari aliliita Mlevi. Akisikia injini huuliza, "Mlevi amerudi?" na nyumba nzima hucheka. Kiguu naye alicheka, ila kila mara ilimchoma.

Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima. Mvua ikinyesha, mto ungefunga njia mwezi mzima, na mwezi ulikuwa mrefu kuliko wiki zilizolibakia jicho la Mama Mkubwa.

Jumatano asubuhi akaenda duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, na mafundi wote walimwita Shangazi. Kiguu alimwambia hata kabla ya salamu kuisha kwamba anataka shokamzoba ngumu kuliko zote alizonazo, gari linayumba. Shangazi hakugeukia rafu. Aliuliza gari liko wapi, akatoka nje, akamwambia alipige jeki mpaka gurudumu moja la nyuma lining'inie. Lilipofika juu, chuma kililia ko.

"Umesikia?" akasema. "Hapo shokamzoba imefika mwisho wa urefu wake. Wewe gari umeliinua kwa springi ndefu, lakini hizi ni zile zile za zamani. Umemvisha mtu mrefu suruali ya mdogo wake."

Ilikuwa kweli. Miaka miwili nyuma Kiguu aliongeza springi ndefu ili gari lipite juu ya mawe bila kukwaruza tumbo, akaona kazi imekwisha. Tena shokamzoba moja ilikuwa imelowa mafuta yaliyovuja na kushika vumbi. Shangazi alipima kwa futi gurudumu likining'inia, akapima tena likiwa limekanyaga chini, akaandika kwenye kiganja chake. Kisha akauliza nani atapanda. Kiguu akasema ni Mama. Shangazi alimtazama kidogo, akasema kwa mama hawapeleki ngumu kuliko zote. Akamtolea nne ndefu, kila moja ikiwa na vitufe viwili vya kuzungusha: kimoja cha kupunguza kasi ya kubonyea, kingine cha kupunguza kasi ya kurudi. Kila kitufe kilikuwa na hatua kumi na mbili, na kila hatua ililia tik. Saa yake ya chakula ilikuwa imepita zamani, lakini hakufunga mlango. Alifungua droo, akaongeza raba mpya za kushikizia, kwa kuwa zile za zamani alikuwa ameziona zina nyufa, na akamwambia hizo amsalimie nazo Mama.

Kiguu alifunga shokamzoba zote nne kabla ya jua kuelemea magharibi. Alimsikiliza Shangazi kwa masikio, lakini mikono ilikuwa na haraka yake. Alizungusha vitufe vyote hadi kumi na mbili, maana aliona kitu kigumu hakiwezi kuyumba. Kisha akachukua beseni la kuogea, akalitia maji nusu, akaliweka kwenye kiti cha nyuma upande wa kushoto, pale pale Mama alipoketi mwaka uliopita. Beseni ndilo lingekuwa Mama.

Nyuma ya nyumba palikuwa na njia ya mawe inayozunguka machimbo ya mchanga, yenye kona inayofanana na ile ya mtoni. Alipita. Kwenye kona gari lilisimama wima kama askari, na Kiguu akaanza kutabasamu. Kwenye mawe maji yakaruka juu, yakamwagika kisogoni mwake. Mkewe, aliyepanda mbele ili ashuhudie, alishuka ameshika kiuno, akasema gari sasa haliyumbi, linapiga, na mtu akifika kwa Mama Mkubwa namna hiyo atafika na figo mkononi.

Alhamisi akarudisha hadi tatu. Mawe yakapita kama godoro, lakini kwenye kona maji yote yalihamia upande mmoja, kisha yakarudi upande wa pili na kuvuka ukingo. Akaweka sita. Akaweka nane mbele na tano nyuma. Akashuka, akalala chini ya gari, akainuka, akaenda, akarudi. Majirani wakaanza kumhesabia. Mmoja aliuliza kwa sauti kama hilo beseni lina nauli, mwingine akasema maji yale yamesafiri kuliko yeye. Kiguu aliwapungia mkono tu. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa chepechepe, na mawingu juu ya vilima yalikuwa yameshuka kidogo.

Mama alikuwa barazani muda wote huo, akichambua mchele kwenye ungo. Kila Kiguu alipopita, alisogeza miguu yake ili asijikwae.

Ijumaa asubuhi Kiguu aliingia chumbani kwa Mama kutafuta kitambaa cha kukaushia kiti. Nyuma ya mlango aliona mfuko wa safari. Ulikuwa umefungwa, na juu yake palikunjwa khanga mpya, ile ambayo Mama Mkubwa alimtumia na ambayo haijawahi kuvaliwa. Kamba ya mfuko ilikuwa na vumbi jepesi, vumbi la siku nne tano. Mama alikuwa amefunga mzigo tangu Jumapili.

Alisimama pale na kitambaa mkononi. Tangu Jumatano alikuwa amelihoji beseni, na Mama, mwenye kiti chenyewe, hajamuuliza hata neno moja.

Akaenda barazani, akachuchumaa mbele ya ungo.

"Mama, siku ile kwenye kona. Kilichokuogopesha ni nini hasa?"

Mama aliendelea kutoa kijiwe kimoja, akakitupa. "Nilidhani hutauliza," akasema.

Alieleza taratibu, mikono yake ikionyesha. Gari lilipolala hakuogopa. Aliona linalala, akashika mpini wa mlango, akajikaza, akangoja mpaka likaisha kulala. Alipoona limetulia, aliachia ili ajitengeneze vizuri. Hapo ndipo likamrukia.

"Kulala kwake nilikungoja," akasema. "Kurudi kwake sikukungoja. Liliinuka kama mtu aliyechomwa sindano, likapitiliza mpaka upande wa pili, na mimi mkono sikuwa nao tena."

Kiguu alibaki amechuchumaa. Springi ikibonyezwa hutaka kurejea kwa nguvu zake zote, na kazi ya shokamzoba ni kuishika mkono irejee polepole. Zile za zamani hazikuwa na mkono wa kushika. Na yeye na mpya zake alikuwa akivizungusha vitufe vyote viwili kwa pamoja, kama vile kulala na kuinuka ni kitu kimoja.

"Kingine," akasema Mama, "yale matairi juu ya keria yanakwenda kwa dada yangu kufanya nini?"

Juu ya gari palikuwa na matairi mawili ya spea, mabomba ya pampu na sanduku la spana. Vilikaa hapo mwaka hadi mwaka, na Kiguu alivipenda, maana gari lilionekana la mtu wa kazi. Alijaribu kueleza kwamba huwezi kujua njiani. Mama akasema yeye alibeba ndoo kichwani tangu msichana mpaka bomba lilipofika mtaani, na anachojua ni kwamba ukiwa na mzigo kichwani hugeuki kwa haraka, na ukigeuka, mzigo ndio unaoamua.

Dakika ile ile Kiguu alipanda juu. Mabomba, sanduku, tairi moja, na mwisho keria yenyewe, vyote vikashuka. Tairi la pili alilifunga chini kabisa, nyuma ya kiti. Gari likabaki kama mtu aliyenyolewa, na mkewe akaja mlangoni kulitazama, akasema kumbe lina masikio.

Kitufe cha kubonyea akakiweka nne, ili mawe yasimpige Mama. Cha kurudi akakipandisha mpaka tisa. Alibonyeza kona ya bampa kwa uzito wake wote akaachia. Gari liliinuka mara moja tu, polepole, likakaa. Alimwita Mama. Akaja akijipangusa mikono, akabonyeza kwa viganja vyote viwili, akaachia, akasikiliza kana kwamba gari litasema. Akabonyeza tena.

"Halinirukii," akasema.

Machimboni alikubali kupanda. Alilipakata beseni mwenyewe, akakataa liwekwe kitini. Kiguu aliendesha mgongo umekauka, akimtazama kwenye kioo zaidi ya alivyotazama njia, mpaka Mama akamwambia atazame mbele, yeye hatoroki. Kwenye mawe Mama alisema nyuma bado panarudi pazito, jiwe la pili linafika kabla hapajainuka. Kiguu akashuka, akapunguza hatua moja ya kitufe cha kurudi kwa magurudumu ya nyuma, tik. Wakarudia. Kwenye kona gari lililala kidogo, likangoja, likainuka. Maji yalipanda ukingo mmoja, yakateremka. Matone mawili yalidondokea magoti ya Mama.

"Mawili tu," akasema. "Hata mimi nikibeba hudondoka mawili."

Waliondoka Jumamosi kulipopambazuka. Mama alivaa khanga mpya na akashika mpini wa mlango kwa mkono wa kushoto tangu walipotoka uani. Hakuuachia, kilima baada ya kilima. Kiguu aliona, akaumia. Walipokaribia mto, matone ya kwanza ya mvua yaligonga kioo. Maji ya mto yalikuwa bado chini ya vifundo vya magurudumu. Aliivaa kona kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gari likalala. Akahesabu moyoni, moja, mbili. Likainuka taratibu, likakaa sawa.

Alitazama kioo. Mama alikuwa ameachia mpini. Alikuwa akifungua kipochi, akitafuta peremende, na alipoipata aliimenya na kumpitishia mwanawe begani.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya macho ingawa hapakuwa na jua. Alimshika mdogo wake mabega, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga, akamsogeza uso mpaka pua zikakaribiana. Alimtazama muda mrefu, kipande kwa kipande, paji, mashavu, kidevu. Kidole chake kikasimama juu ya unyusi.

"Hiki hukuwa nacho."

"Niligonga mlango wa jikoni," akasema Mama upesi. "Unanijua nilivyo."

Kiguu alikuwa ameshafika nusu ya ua, akirudi kwenye gari kutazama kama nati zimekaza. Alisikia, akasimama. Mama hakumgeukia. Angeweza kwenda zake, mlango wa jikoni ungebeba lawama hiyo mpaka mwisho. Akarudi.

"Ni gari langu, Mama Mkubwa. Mwaka jana, tulipotoka hapa kwako. Ananifichia."

Mama Mkubwa aligeuza jicho lake moja, likamtafuta, likampata.

"Na leo lilimfanya nini?"

"Leo nimelala usingizi njia nzima," akasema Mama, na huo nao ulikuwa uongo, maana hakufumba macho hata kidogo. "Mwambie mwanao aketi. Tangu Jumapili hajaketi."

Kiguu akaketi kwenye kigoda walichomsogezea. Mvua ilianza kunyesha sawasawa juu ya bati. Alijua nini maana yake, kwamba mto ungejaa na wangelazimika kukaa hapa siku nyingi, na dada wawili walijua pia, maana walishaanza kupanga nani alale upande gani wa kitanda. Pampu tatu zilikuwa zikimngoja mjini. Alitazama gari, akatazama mlango, akabaki pale pale.

Ni goti lake moja tu lililokuwa bado linachezacheza, na Mama, bila kukatisha mazungumzo, aliweka mkono juu yake.