Jicho na Vioo Arobaini vya Moto

"Arobaini! Si kimoja, si viwili. Vioo arobaini umevikataa, dada, na vyote kamera imevipitisha!"

"Kamera yako haitaendesha gari. Ataendesha mtu."

"Basi wewe na hayo macho yako mkaoane!"

Mpangaji wa chumba cha tatu, aliyekuwa anapiga mswaki, akasahau kutema. Wa chumba cha tano akatoka na ndoo kama anayekwenda bombani, akaishia katikati ya ua. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na asubuhi ile kunguru walijaa ua mzima.

Wagombanao walikuwa majirani wa ukuta mmoja na wafanyakazi wa kiwanda kimoja, kile cha vioo vya magari. Mwanamume alikuwa fundi wa tanuri. Kazi yake ilikuwa kukipasha kioo bapa hadi kilegee, kijikunje juu ya fremu na kupata umbo la kioo cha mbele cha gari. Uani na kiwandani wote walimwita Moto. Mwanamke alikuwa mkaguzi aliyevipokea vioo hivyo vikishapoa. Yeye walimwita Jicho. Miaka sita wamepeana chumvi na kuazimana pasi. Sasa ilikuwa wiki ya pili hata salamu hakuna.

"Leo si unapimwa?" Moto akasema, akifunga kamba za viatu. "Ukishindwa, kwaheri meza ya ukaguzi, karibu kwenye makasha."

Jicho akafunga mlango wake kwa kufuli. Msimamizi alikuwa amemwambia wazi jana yake: kama hawezi kumwonyesha mtu mwingine hata mmoja anachokiona yeye, atahamishiwa kwenye kufunga mizigo. Makasha hayakumtisha. Kilichomtafuna ni kwamba kamera haioni, wenzake hawaoni, na yeye umri unakwenda. Je, kama ni macho ndiyo yameanza kumdanganya? Jicho bila jicho ni nani?

Kwenye banda la ukaguzi kuna ubao mkubwa wenye mistari ya mshazari, mweusi kwa mweupe, kama punda milia aliyepigwa pasi. Mbele yake ipo stendi inayokiegemeza kioo kwa mlalo ule ule kitakaokaa garini. Mkaguzi huketi kwenye kigoda, pale ambapo dereva angekaa, akaitazama mistari kupitia kioo. Mistari ikinyooka, kioo ni kizima. Ikipinda, kioo kina wimbi. Kamera nayo hufanya vivyo hivyo: hupiga picha moja, ikaisoma mistari, ikawasha taa ya kijani au nyekundu. Imemaliza.

Jicho yeye alikuwa na ziada yake. Alipokaa kigodani alikisogeza kichwa polepole, kushoto, kulia, juu, chini. Wafunga makasha walipopita walicheka hadi wakashikana mabega. "Kuku kaona punje!"

Saa nne msimamizi akafika. Mama mmoja mnene wa sauti, shingo imefungwa kola ya hospitali tangu juzi. Ukimwita kwa nyuma hugeuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Akaketi kigodani, akatazama kupitia kimoja cha vile vioo arobaini.

"Mistari imenyooka, mwanangu."

"Sogeza kichwa, mama."

"Kwa shingo hii? Unataka kuniua?" Akainuka, akaangaza macho bandani. "Fundi wa tanuri yuko wapi? Njoo wewe. Hivi vioo vikitupwa, zamu yako ndiyo itakayorudia kazi. Mwenye hasara akisema ameona, mimi sina swali."

Jicho akamkodolea msimamizi macho. Kati ya watu wote, Moto?

Moto akaketi, mikono kifuani. "Sioni kitu."

"Tingisha kichwa, kaka."

"Mimi si kuku."

Banda zima likacheka. Jicho hakucheka. "Dereva anatazama kioo cha pembeni, anatazama barabara, anamkaripia mtoto nyuma. Kichwa chake hakitulii. Wewe tingisha. Polepole."

Moto akatazama huku na huku, akaona wenzake wameshabana midomo. Akakisogeza kichwa kushoto, kidogo tu. Kulia. Akakituliza. Akarudia, safari hii shingo nzima, na kicheko kikalipuka nyuma yake. Yeye hakukisikia. Jicho aliyaona mabega yake yakikaza.

Moto alikuwa ameona. Jicho alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini kuona ni jambo moja, na kusema ni jingine. Neno moja tu, "sioni", lingemtoa Moto pale na zamu yake salama, na kesho Jicho angeamkia kwenye gundi na makasha.

"Inaogelea," Moto akasema.

"Nini?" Msimamizi akauliza.

"Mistari. Chini, kulia. Kichwa kikitulia nayo imetulia. Kikisogea, inaogelea." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilizidisha moto upande ule. Vioo vilikuwa vinachelewa kulegea, nikataka kuvikimbiza."

Hakuna aliyecheka tena. Msimamizi akataka kutikisa kichwa, shingo ikamkatalia. "Vitupwe vyote. Fundi, rudi kwenye tanuri. Jicho, keti mahali pako. Na kuanzia kesho wakaguzi wote wajifunze hiyo... hiyo ya kuku."

Zamu ya Moto ilibaki saa mbili za ziada. Jicho alifika nyumbani kwanza, akaoga, akafagia chumba ambacho hakikuwa na taka. Aliposikia hatua za jirani yake zimeingia, akahesabu hadi hamsini, akatoka, akasimama mlangoni kwa Moto.

"Kaka. Ungeweza kunyamaza leo."

"Ningeweza." Moto alikuwa anavua viatu, mgongo umemwinama. "Halafu gari la kwanza lenye kioo kile lingenigonga mimi. Bahati yangu naijua."

"Na maneno ya asubuhi..."

"Asubuhi tulisema wote."

Chumba cha tatu mlango ulikuwa wazi kidogo, na sikio limeshatangulia. Mke wa Moto akaliona, akapaza sauti kutoka ndani, sufuria mkononi:

"Nyie mtaongelea mlangoni mpaka wapangaji waandike kitabu? Wifi, vua viatu, ingia ule."