Mlango wa Getrude

"Rudia!" nilifoka kwa mara ya kumi. Mwanafunzi wangu Mwanaasha akarudi katikati ya jukwaa letu la mtaa wa Rasbura, kajifunga kanga ya marehemu mke wangu, Getrude.

Tamthiliya niliiandika mwenyewe: mke anakwenda Dar kutibiwa, mume amenuna, hamuagi, kama nilivyomfanyia Getrude. Kila alipofika mlangoni nilimtafutia kosa, maana nilijua akitoka harudi.

"Mwalimu Laurenti," akasema, "ulitufundisha kwamba wahusika wa mwandishi mmoja wa Kiitaliano humbishia hata mwongozaji. Na mimi leo nabisha. Huyu mama atachelewa basi. Mwache aende."

Nikasimama mahali pa mume, nikasema maneno ambayo sikuyaandika.

"Beba sweta, mke wangu. Alfajiri barabarani kuna baridi."

Akatoka. Safari hii sikumwita.